Dada yangu Uingereza ana mwezi wa kufungua bustani. Sisi wa Mwanza wetu ni upi?

#1 MkaziWaBuswelu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina dada yangu anaishi Leicester. Mwezi Machi alinitumia picha ya karatasi aliyoibandika kwenye friji: kazi za bustani za majira ya kuchipua. Kupogoa waridi. Kufagia majani yaliyooza baridi nzima. Kuotesha nyanya ndani ya nyumba, dirishani, wiki 6 hadi 8 kabla ya barafu ya mwisho. Kutolima udongo mpaka ukiufinyanga uvunjike, usigande kama ugali. Kila kazi na wiki yake. Na akaniletea pakiti za mbegu kupitia mtu, za vitunguu na bitiruti.

Kwa wivu nikasema hata mimi nafungua bustani Machi. Najua mmeshaanza kucheka. Aprili nyanya zikapigwa ukungu, yakaiva majani badala ya matunda. Bitiruti zikaondoka na maji, maana kwangu ni mteremko wa mawe. Vitunguu ndiyo kichekesho chenyewe: majani marefu, ya kijani kabisa, mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Agosti nang'oa, chini hakuna kichwa, ni shingo tu. Mke wangu akavikatia kwenye mchuzi vilivyo, hakusema neno. Afadhali angesema.

Sasa ni wiki ya kwanza ya Septemba. Leo asubuhi nimeona mijakaranda imeanza kutoa maua, tipitipi analia huko kwenye mawe, na jua limekaa kimkao mwingine. Hoja yangu: mwezi wetu wa kufungua bustani ni huu hapa, Septemba. Anayebisha aje na sababu.

#2 SatoWaKuchoma

Nimechukua siti ya mbele. Kitunguu kisicho na kitunguu, hii kali.

#3 ShangaziIgoma

Mleta mada uko sawa ila umechelewa wiki mbili.

Mimi nalima nyuma ya nyumba hapa Igoma, kieneo kama mita 10 kwa 15, na sijanunua mchicha sokoni tangu 2008. Kazi inaanza nusu ya pili ya Agosti, na kazi ya kwanza ni samadi. Nenda kwa wenye ng'ombe, usikubali ile ya juu inayong'aa. Chimba uchukue ya chini, nyeusi, isiyonuka. Ingiza mkono katikati ya gunia: ukisikia joto, iache, bado inaoza, itakuunguzia miche na kukuletea magugu ya zizi zima.

Wiki ya kwanza ya Septemba napiga kitalu. Tuta la upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Vimfereji vya sentimita 15 toka kimoja hadi kingine, mbegu nyembamba nyembamba, udongo kiasi cha kuficha tu, nyasi kavu juu, maji. Siku ya sita au ya saba ukiona zimechungulia, toa nyasi JIONI, siyo saa sita mchana kama alivyofanya mwanangu 2019. Halafu chanja ya kivuli, uwe unaipunguza kidogo kidogo. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha nabana maji, mche uzoee shida. Mvua ya Oktoba inaukuta una unene wa penseli na mizizi imeshajua inatafuta nini.

Ukingoja mvua inyeshe ndipo uoteshe, utakula mboga za jirani mpaka Desemba.

#4 JuniNdiyoMpango

Shangazi shikamoo. Nakuheshimu ila napinga.

Mchicha sawa, panda hata kwenye sufuria. Ila tukisema bustani ya pesa, yaani nyanya na hoho, mwezi wa kufungua ni JUNI. Masika imeisha, udongo bado una maji chini, hewa kavu, ukungu hauna nguvu, hupigi dawa kila baada ya siku tatu. Mnaotoa miche Oktoba mnaipeleka machinjioni: Novemba mvua, Desemba mvua, bakajani, ule ukungu wa majani, linakula shamba kwa wiki moja. Mleta mada mwenyewe ni shahidi, kapanda Machi kavuna mbao za kichanja.

#5 ShangaziIgoma

Marahaba. Na hiyo nyanya yako ya Juni unaivuna lini?

#6 JuniNdiyoMpango

Mwishoni mwa Agosti na Septemba.

#7 ShangaziIgoma

Yaani wakati Kanda ya Ziwa yote inavuna, na nyanya zinamwagwa sokoni kama kokoto. Haya.

#8 SatoWaKuchoma

Hahaha. Hilo tenga limerudi nyumbani.

#9 BwanaShambaMstaafu

Niingie kwenye vitunguu, kila mtu anacheka ila hakuna aliyesema sababu.

Mleta mada, tatizo halikuwa Machi wala udongo wako. Kitunguu maji hufunga kichwa kwa kuhesabu saa za mchana. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini zinataka mchana wa saa 14 na kuendelea ndipo zipate amri ya kufunga. London mwezi Juni mchana unapita saa 16, kwa hiyo kule vinafunga vizuri. Hapa tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu na fupi haifiki nusu saa. Kitunguu chako kilikuwa kinasubiri mchana mrefu. Kingesubiri mpaka kiyama.

Tafuta mbegu za siku fupi: Red Creole, Bombay Red, hizo zinauzwa kila duka la pembejeo. Otesha Machi au Aprili, hamisha mvua zikielekea kuisha, kichwa kikomae kwenye ukavu. Kikikomaa kwenye mvua kinaoza shingo.

Bitiruti haina tatizo hilo. Ile iliondoka na mteremko, kama ulivyosema.

#10 MkaziWaBuswelu

Wabeja sana mkuu. Nimemsomea mke wangu hii. Kasema "kumbe kilikuwa kinasubiri", akaendelea na shughuli zake.

#11 MtuWaTanga

Naomba kuchangia ingawa mimi ni mgeni, nina miaka minne tu hapa Nyegezi. Kwetu pwani wazee hawakuhesabu miezi ya ofisini, walitazama kilimia, lile kundi la nyota. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Tazameni juu, msitazame friji.

#12 BwanaShambaMstaafu

Msemo mzuri, ila usimpoteze mleta mada. Kilimia huzama na jua mwanzoni mwa Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi Juni. Msemo huo unaongelea mlango wa masika na kipupwe huko pwani. Ukitaka kukitumia kwa vuli ya huku, angalia Novemba: jua linapozama magharibi, kilimia kinachomoza mashariki. Ukisubiri mpaka hapo kuanza kitalu, umekwisha.

#13 MtuWaTanga

Nimenyooshwa. Ila hamjasema ni kibaya.

#14 PampuLuchelele

Mnabishana miezi kama mnaishi jangwani. Ziwa lile pale! Niko Luchelele, nina pampu ya petroli ya inchi 2 na mpira wa mita 100. Kwangu mwezi wa kufungua bustani ni mwezi nikiwa na hela ya mafuta. Chainizi leo, sukuma wiki kesho, matembele hayakatiki. Majira ni habari ya watu wasio na maji.

#15 Mpima_Viwanja

@PampuLuchelele uko mita ngapi toka maji yanapoishia? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa kama zinaweza kuathiri mazingira.

#16 PampuLuchelele

Mchicha una wiki nne tu duniani, wewe unauita wa kudumu?

#17 Mpima_Viwanja

Mchicha siyo wa kudumu. Wewe unayeupanda palepale kila mwezi kwa miaka kumi ndiye wa kudumu. Na samadi na dawa zako zinashuka wapi mvua ikinyesha?

#18 MamaKulwaNaDoto

Halafu hizo mita 60 unapimia wapi? Sisi Kayenze 2020 ziwa lilipanda mpaka kitalu changu kikawa uwanja wa vyura. Mwezi Mei mwaka ule wazee walisema hawajaona maji namna ile tangu 1964. Matuta sita ya ngogwe (nyanya chungu) yaliyokuwa mbali kabisa na maji yaliingia ziwani yenyewe. Sikuvunja sheria, sheria ndiyo ilinifuata.

#19 SatoWaKuchoma

"Sheria ndiyo ilinifuata." Mama Kulwa hapo nimekoma.

#20 Nesi_Mstaarabu

Tukiwa hapo hapo ziwani. Nyie mnaochota kwa ndoo mkiwa mmeingia maji mpaka magotini: kichocho. Ufukwe wote huu una konokono wake, na vijidudu vinavyotoka kwa konokono huwa vingi zaidi kuelekea saa sita mchana, jua likiwa kali. Vaa gambuti. Chota asubuhi mapema. Maji yakikaa kwenye dramu siku mbili bila konokono ndani, vile vijidudu vinakuwa vimekufa, ndipo umwagilie hata kwa mikono mitupu. Na ukiona damu kwenye choo usijitibu na mwarobaini, nenda ukapimwe, dawa ipo.

#21 PampuLuchelele

Asante nesi. Mimi natumia pampu lakini kuzibua chujio naingia mwenyewe, tena saa sita hiyo hiyo. Nitabadilika.

#22 Luseni_na_Mbuga

Mada yenyewe imekosewa swali. Hakuna mwezi wa Mwanza. Kuna mwezi wa udongo wako.

Wasukuma hawakuupa udongo majina kwa kujifurahisha. Kama uko kwenye luseni, mchanga wa milimani unaotokana na haya mawe, unaweza kulima hata Agosti udongo mkavu kabisa, jembe linapita. Ila haushiki maji wala mbolea, ukiweka samadi Agosti bila kufunika, mvua kubwa mbili tu imekwenda kwa jirani wa chini. Kwenye luseni mimi samadi naweka kwenye shimo la mche siku ya kupandikiza, na matandazo juu.

Kama uko kwenye mbuga, ule mweusi, Septemba huna unachofanya. Umepasuka mpaka unaweza kupoteza ndala. Jembe linarudi. Na mvua ikishapiga siku tatu huingii, unanata mpaka unabeba shamba zima kwenye viatu. Una siku chache sana katikati, baada ya mvua ya kwanza, udongo ukiwa kama mkate. Hizo ndizo siku zako za kufungua. Hazina tarehe.

Shangazi wa Igoma na mleta mada wa Buswelu wote wako kwenye mchanga, ndiyo maana wanaelewana.

#23 ShangaziIgoma

Nani kakwambia nina mchanga? Kwangu ni udongo wa kichanga uliochanganyika na miaka 15 ya samadi. Sasa hivi ni mweusi kuliko mbuga yako.

#24 Luseni_na_Mbuga

Shikamoo shangazi. Naondoa shahidi.

#25 KijanaWaMboji

Kuhusu kufunika: mbona hamtaji gugumaji? Liko bure, kuna siku linafunga ghuba mpaka mitumbwi haipiti. Mimi nalitandaza kati ya mistari, linazuia jua, likioza linakuwa mbolea. Lina potasiamu nyingi.

#26 Mpima_Viwanja

Na madini mazito ya mitaro ya mjini pia. Gugumaji linafyonza kila kitu, ndiyo sifa yake. Ukilitoa karibu na mtaro unaoshusha maji ya gereji, unajilisha gereji.

#27 KijanaWaMboji

Silitoi mjini, natoa Sangabuye.

#28 MamaKulwaNaDoto

Mimi nililijaribu. Mikokoteni mitatu. Wiki mbili baadaye limebaki kama majani ya chai kwenye chujio. Lile ni maji yaliyovaa nguo ya kijani. Uliache linyauke kwanza ufukweni siku kadhaa ndipo ulibebe, vinginevyo unalipia mkokoteni kusafirisha ziwa.

#29 MzeeMwaloni

Gugu hili tulianza kuliona mwishoni mwa miaka ya 80. Kila mwaka anatokea kijana wa kulifanya mbolea. Na bado lipo. Nawatakia kheri.

#30 JuniNdiyoMpango

Turudi kwenye mada. Kuna kitu mmeniruka. Mnategemea mvua ya Oktoba kama mshahara wa tarehe 25. Vuli ya huku haina adabu. 2019 ilinyesha mpaka tukaomba ipungue, 2021 ikatususia. Shangazi miche yako ya penseli mwaka 2021 ilikutwa na nani?

#31 ShangaziIgoma

Ilikutwa na ndoo. Nilimwagilia mpaka Desemba. Nilisema bustani, sikusema sadaka ya kuachia mbingu.

#32 MwanaMaji

Nieleze kidogo kwa nini vuli hapa inasumbua, maana nimeishi na maji maisha yangu yote.

Mchana nchi kavu inapata moto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku inageuka, upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ndiyo maana mvua na radi kubwa zinakuwa huko majini usiku mpaka alfajiri. Wavuvi wanajua, ndizo zinazowaua. Sasa juu yake kuna upepo mkubwa wa kutoka mashariki unaosukuma mawingu hayo magharibi. Anayefaidi ni Bukoba. Wao wanapata mvua karibu mara mbili ya sisi, na sisi tunazidi Musoma kidogo. Kwa hiyo ukiona radi usiku upande wa ziwa usikimbilie kupandikiza, ile ni ya Wahaya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli kila mwaka mwishoni mwa Agosti hivi. Usome, ila ujue unaongelea ukanda mzima, hauongelei Buswelu.

#33 OmuhayaWaNyakato

Nimeitwa? Ni kweli mvua ni yetu, Mungu alituona. Ila hata sisi tunajiandaa kabla ya mvua. Wakati kama huu unaingia migombani, unapunguza machipukizi: kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, basi. Majani makavu unayatandaza chini. Nilivyokuja Nyakato nikakuta mtu ana mgomba una watoto kumi na moja, nikauliza hii ni ndizi au shule ya msingi?

#34 SatoWaKuchoma

Mhaya hawezi kupita uzi bila kutaja migomba. Ni ugonjwa.

#35 MwanaUkerewe

Naye asijisifu sana, machungwa anakula ya kwetu Ukerewe.

#36 Mwanzugi_2

Wakuu swali la pembeni. Miche yangu inaota vizuri, ina majani mawili, halafu asubuhi naikuta imelala chini kama imekatwa na uzi. Shina limekuwa jembamba pale kwenye udongo. Jirani anasema ni sota. Mwingine anasema kuna mkono wa mtu.

#37 BwanaShambaMstaafu

Fukua pembeni ya mche. Ukikuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja, ni sota, na shina litakuwa limekatwa kabisa. Kama hakuna kiwavi na shina limelainika na kunyongeka bila kukatwa, ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa udongo. Umebananisha mbegu na unamwagilia sana jioni, kitalu kinalala na maji. Panda nyembamba, mwagilia asubuhi, acha hewa ipite, mwakani hamisha kitalu. Wazee walichoma takataka juu ya tuta kabla ya kusia, walikuwa na akili.

Mkono wa mtu sijaufanyia kazi.

#38 ShangaziIgoma

Na majivu ya ile takataka unachanganya na udongo, mimi nachanganya na mbolea ya ng'ombe na kiganja cha urea. Mboga zinachanua.

#39 BwanaShambaMstaafu

Hapo shangazi nakukatalia kwa heshima zote. Majivu yakikutana na urea au samadi mbichi, naitrojeni inaondoka hewani. Ile harufu kali inayokuwasha macho ndiyo pesa yako inapaa. Weka majivu leo, mbolea ije wiki mbili tatu baadaye.

#40 ShangaziIgoma

Miaka 15 mboga zangu hazijasoma hiyo. Ila nitajaribu tuta moja.

#41 BwiruMawe

Mmeongea yote hamjamtaja bosi wa bustani za Bwiru: PIMBI. Unaotesha Agosti, Juni, Septemba, yeye yuko juu ya jiwe amekunja miguu anakusubiri. Kiangazi majani yakikauka milimani, kitalu chako ndiyo hoteli. Mwaka jana miche 200 ya sukuma wiki, asubuhi moja. Kwangu mwezi wa kufungua bustani ni baada ya mvua, milima ikiwa na majani ya kwao.

#42 PampuLuchelele

Pimbi ni mtoto. Kiboko akipita usiku mmoja huhesabu miche, unahesabu nyayo.

#43 BwiruMawe

Kiboko anakuja mara moja. Pimbi ana ukoo, na wote wana njaa.

#44 MvuviMkulima

Mimi natofautiana na wote. Navua dagaa. Dagaa wanafuata taa, kwa hiyo tunaingia ziwani kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, tunakaa nchi kavu siku kama kumi. Hizo ndizo siku zangu za bustani, kila mwezi wa mwaka. Mbalamwezi ikianza nalima, naotesha, napalilia, napiga dawa. Giza likirudi mke wangu anamwagilia tu. Kwa hiyo mkiniuliza mwezi wa kufungua bustani, nitawaambia ni ule wa juu mbinguni.

#45 MtuWaTanga

Nilisema watu watazame juu, mkanicheka!

#46 MzeeMwaloni

Huyu mvuvi ndiye kasema la maana humu. Watu mna maneno ya kitabu, yeye kasema siku anapokuwa na nafasi.

#47 JuniNdiyoMpango

Nafasi haiui bakajani, mzee wangu.

#48 MchuuziKirumba

Kwa upande wa soko. Nyanya huwa ghali mvua ikiwa nyingi, Aprili na Mei, na tena Desemba mpaka Januari, kwa sababu nyingi zinaoza shambani. Anayeweza kuzivusha salama kipindi hicho ndiye anapata. Ila siku hizi hesabu zinabadilika, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mzigo wa Sengerema haulali tena foleni ya kivuko. Zamani tenga likichelewa kule, la Kisesa linapanda bei. Sasa yanafika yote saa moja asubuhi.

#49 JuniNdiyoMpango

Na kantangaze je? Tangu aingie nchini 2014 ukavu ndiyo raha yake. Naomba nikiri, nyanya yangu ya Juni mwaka jana nilipoteza nusu kwa huyo nondo. Ukungu nilimkwepa, nikaangukia kwake.

#50 ShangaziIgoma

Sasa ndiyo tunaongea.

#51 MkaziWaBuswelu (mleta mada)

Wakuu, ni Novemba wiki ya pili, nimerudi na ripoti kwa sababu kuna watu wameniuliza.

Nilifuata kila mtu kidogo. Septemba nilipiga kitalu cha Shangazi na chanja yake. Samadi nikaweka kwenye mashimo siku ya kupandikiza, kama alivyosema Luseni_na_Mbuga. Mteremko nimeukatia makinga maji mawili ya mawe, mawe ndiyo mazao yangu makuu. Nusu ya miche ya nyanya nikaitoa Oktoba tarehe 12 baada ya mvua ya siku mbili. Mvua ikakata siku 17. Nusu nyingine nikaibakiza kitaluni, ikarefuka kama inatafuta dirisha, nikaihamisha Novemba mosi mvua iliporudi.

Ile ya Oktoba, niliyomwagilia kwa keni kila asubuhi mpaka mabega yakauma, leo inatoa maua. Ile ya Novemba imesimama vizuri, majani ya kijani, haina haraka. Sijui ipi itafika. Ya Oktoba ina madoa ya kahawia kwenye majani ya chini, nimeyatoa nimeyachoma.

Dada nimemtumia picha. Kwake sasa ndiyo anafukia mizizi ya maua isubiri baridi ipite. Kaniuliza nina kazi gani za wiki hii, nikamwandikia karatasi nikaibandika kwenye friji, mke wangu akaongeza mstari wa chini kwa mkono wake: "kununua vitunguu".

#52 JuniNdiyoMpango

Madoa yana duara ndani ya duara?

#53 MkaziWaBuswelu

Ndiyo.

#54 JuniNdiyoMpango

Nitanyamaza, shangazi asije akaniambia nimefurahi.

#55 ShangaziIgoma

Ondoa majani yote yanayogusa udongo, funga mche kwenye mti, usimwagilie juu ya majani. Na wewe Juni, njoo Igoma Jumamosi uone tuta langu lisilo na majivu.

#56 BwanaShambaMstaafu

Mimi pia naomba nije. Likoje?

#57 ShangaziIgoma

Uje na gunia, utabeba mboga. Mengine tutaongea huko huko.

#58 Mwanzugi_2

Wakuu samahani, mbegu za mgagani wa kienyeji, ule mchungu wa zamani, nazipata wapi? Za madukani zimepoa sana.